Mchanga wa chini ya akwariomu: hapa Kolwezi kwanza uliza ulitoka wapi

Jirani yangu ni dereva wa magari makubwa ku mgodi. Mwaka uliopita alitimiza hamu yake ya tangu utoto: akwariomu kubwa mu saloni. Si ile bokali ya samaki mmoja wa rangi ya machungwa. Ni kioo cha urefu wa mita moja na nusu, upana sentimita 60, kimo sentimita 60, kilichokatwa na fundi wa vioo vya madirisha na kuwekwa juu ya meza ya vyuma. Samaki ni wa ziwa Tanganyika, walipitia Lubumbashi ndani ya mifuko ya plastiki yenye hewa. Kila jioni watoto wa avenue walijaa ku mlango juu ya kuwaangalia. Bibi yake alilalamika mara moja tu, kwamba kwa zile franga wangekula thomson na bukari mwaka muzima. Kisha naye akaanza kuwapa samaki majina.

Chini ya maji aliweka mchanga mweupe, na juu ya mchanga vipande sita vya malakiti, vile vyenye miviringo ya kijani juu ya kijani, alivyokusanya miaka na miaka. Ilipendeza kweli. Nani hapa kwetu hana kipande cha malakiti juu ya televizio?

Wiki saba zilipita salama. Wiki ya nane, konokono wadogo wa ndani ya akwariomu walijifunga mu maganda yao na hawakutoka tena. Nyuma ya siku tatu, samaki wakaanza kupumua mbio-mbio karibu na uso wa maji. Siku ya Mungu asubui akagonga ku mlango wangu.

— Vieux, samaki yote ilikufa. Hata moja haikubakia.

— Maji ulibadilisha?

— Nilibadilisha. Chakula ni ileile. Courant ilikuwako. Mi sijue ni nini.

Nikaenda kuona. Nikatazama yale majiwe.

— Mudogo, weye ku kazi, ile minerai ya kijani wanaifanya nini juu ya kutoa shaba?

— Wanaisaga, wanaitia mu asidi, shaba inaingia mu maji.

Akanyamaza. Hakuna haja ya kumueleza zaidi mtu anayepita mbele ya yale mabasani ya usine kila siku. Alikuwa amejenga lixiviation ndogo mu saloni, bila kujua.

Wasomaji watauliza: asidi ilitoka wapi? Hakuna mtu aliyetia asidi. Ilitoka kwa samaki wenyewe. Samaki anakula, anatoa uchafu, uchafu unakuwa amoniaki, ambayo ni sumu. Ndani ya mchanga na ndani ya filtre wanakaa bakteria wanaogeuza amoniaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Bila wao akwariomu haiishi. Lakini ile kazi yao inazaa asidi kidogo, kila siku, na pumzi ya samaki inaongeza gazi karboniki mu maji. Kama maji yako ni mazito, yenye chokaa, ile asidi inamezwa palepale. Kama maji ni laini na mchanga ni kwarsi tupu, hakuna kitu cha kuimeza. Polepole maji yanakuwa makali. Na malakiti ni karbonati ya shaba: mu maji ya chokaa inakaa karibu bila kuyeyuka, mu maji makali inaanza kuachilia shaba. Njo maana wiki saba hakuna kitu, ya nane kifo.

Na haihitaji shaba mingi. Akwariomu ya jirani inabeba kama litre 500. Gramu moja tu ya shaba ikiyeyuka ndani yake, inakuwa miligramu 2 mu kila litre. Gramu moja ya shaba iko ndani ya gramu mbili hivi za malakiti, punje unayoweza kuficha chini ya ukucha wa kidole gumba. Shirika la afya la dunia, OMS, linakubali mpaka hiyo miligramu 2 kwa litre mu maji ya kunywa ya mtu. Mtu anakunywa, anaendelea na kazi. Samaki hawezi. Shaba inaharibu mapezi ya kupumulia, damu yake inapoteza chumvi, anakufa huku maji ni safi kwa macho. Mu maji laini hata sehemu ya kumi ya ile kiasi inatosha kuua samaki wengi. Konokono na kamba wadogo wanatangulia. Konokono zako zikijifunga zote pamoja, usingoje kesho.

Jirani alitaka kutupa majiwe, kuosha mchanga, kununua samaki wengine ile wiki. Nilimukatalia. Shaba inashikamana na mchanga na hata na ile mpira ya kuunganisha vioo, kisha inarudi mu maji kidogo kidogo. Mchanga ule ulikuwa wa kutupwa. Vioo vilioshwa na maji ya vinegre, vikasuuzwa, vikajazwa maji na kumwagwa mara nne. Sasa swali likarudi pale ambapo lilipaswa kuanzia: chini tuweke nini?

Mu vitabu vya Wazungu jibu ni rahisi, enda ku magazini, nunua mfuko. Hapa tunatazama kwanza udongo tunaoishi juu yake, na hapo njo kuna matata. Mchanga wa lupango? Kumbukeni Kasulo. Mu 2014 watu walichimba chini ya nyumba zao na kukuta kobalti, mpaka mtaa mzima ukawa mashimo. Udongo wa lupango huko si udongo wa maua, na si wa samaki. Mchanga wa mto Musonoi? Miaka mingi mabaki ya konsantratere yalishuka kule na ku Kingamyambo, na leo usine ya Metalkol inakula yale mabaki juu ya kutoa shaba na kobalti iliyobakia. Mchanga ambao unaweza kulisha usine, hauwezi kulala chini ya samaki. Tena ile mchanga ya mabaki ilisagwa na mashine, punje zake ni kali kama vipande vya chupa. Mchanga wa mto usio na mgodi umeviringishwa na maji, ukiusugua ku kiganja haukwaruzi.

Majiwe ya mgodi vilevile. Wale wanaofanya kazi mu karière wanajua RAT, RSF, RSC, CMN kama wanavyojua majina ya watoto wao. RSC, ile yenye matundu-matundu, ingekuwa nyumba nzuri sana ya samaki: mapango tayari, hakuna hata kuchonga. Najua zaidi ya mtu mmoja aliyeijaribu. Lakini yale matundu njo pale malakiti na heterogenite nyeusi zinapenda kukaa. Dolomiti nayo, kwa jina lake, ingefaa maji ya Tanganyika, kwa sababu ni karbonati ya kalsiomu na manyeziomu. Ile ya kwetu imelala pamoja na minerai tangu kuumbwa kwake. Usiibebe nyumbani juu ni dolomiti.

Kuko na jambo lingine juu ya majiwe ya kijani, na hili halihusu samaki tu. Musonoi inajulikana dunia nzima kwa wakusanyaji wa majiwe. Kuna moja walilipa jina la mji wetu, kolwezite, karbonati ya shaba na kobalti. Kuna ingine, cuprosklodowskite, sindano nyembamba za kijani, nzuri kupita malakiti. Ile iko na uranium ndani. Mtoto hawezi kutofautisha, na baba pia mara nyingi hawezi. Jiwe la kijani usilolijua lisiingie mu akwariomu, wala chini ya kitanda, wala usilisage mu cuisine.

Sasa, namna ya kupima. Mzee mmoja wa zamani za Gécamines alinifundisha njia ya msumari, na kila mchimbaji ataielewa mara moja kwa sababu ni cémentation, basi. Chukua kiko moja ya mchanga au unga wa jiwe, tia ndani ya bilauri, mimina vinegre mpaka ifunike. Acha usiku muzima. Asubui mimina ile vinegre mu bilauri ingine, tia ndani msumari mpya wa chuma uliousugua na karatasi ya mchanga mpaka ung'ae. Ngoja saa chache. Msumari ukivaa rangi nyekundu ya shaba, umejua. Tupa yote, na bilauri isirudi ku meza.

Lakini msumari hausemi kila kitu. Shaba kidogo sana hauioni, na kidogo sana njo inayoua samaki. Kobalti haushiki kabisa, na heterogenite haitoki mu vinegre kwa urahisi. Kwa hiyo msumari ukibaki mweupe, umepata ruhusa ya kuendelea na jaribio la pili tu. Kama uko na ndugu mu labo ya mgodi, muombe kwa adabu apitishe chupa ya maji yaliyolala juu ya mchanga wiki moja. Mashine yao inahesabu shaba mpaka sehemu ndogo sana. Kama hauna ndugu mu labo, tia mchanga ndani ya ndoo ya maji, ongeza konokono watano au sita waliozaliwa mu akwariomu ya rafiki, na uwaangalie siku kumi. Wakitembea na kula, vizuri. Na tafadhali, mtu asichukue asidi ya usine kuleta nyumbani juu ya kupima mchanga. Nimeona macho ya mtu aliyefanya hivyo.

Kuna jaribio lisilohitaji kitu chochote, ni la macho. Fasi unapotaka kuchota mchanga, tazama majani ya kandokando. Kilima kisicho na miti, kimevaa maua madogo ya zambarau, ile fleur de cuivre ambayo wataalamu wanaiita Haumaniastrum katangense: mababu waliotafuta shaba na wajiolojia wa nyuma yao walifuata ishara kama hizo. Wewe zifuate pia, ukienda upande mwingine.

Jirani aliposikia haya yote akasema basi ataenda mbali, ku ziwa Nzilo, pale maji yametulia, atachota mchanga pamoja na konokono wa kandokando, watoto wamsaidie. Njo hapo niliogopa zaidi kuliko siku ya samaki. Binti yake wa miaka tisa ndiye anayeingiza mkono mu akwariomu kila siku kusafisha kioo.

Maji yaliyotulia yenye majani na konokono ni fasi ya bilarziozi, kichocho. Kuna aina mbili za konokono, Biomphalaria na Bulinus, ambazo ndani yake mdudu wa kichocho anakua. Anatoka kwa konokono, anaogelea, anapita mu ngozi ya mtu kwa dakika chache tu bila hata kuuma. Nje ya konokono na nje ya mtu anaishi siku moja au mbili tu. Kwa hiyo mchanga wenyewe, ukianikwa ku jua juu ya bache wiki nzima mpaka ukauke kabisa, hauna tena ile hatari. Konokono njo mbaya: mmoja mwenye ugonjwa, ukimuweka mu maji ya moto ya akwariomu, anaweza kutoa wale wadudu wiki na wiki. Ungekuwa umeleta bwawa mu saloni, na mkono wa mtoto ndani yake. Konokono wa porini hapana. Kamwe. Na watoto wasiingie mu maji kuchota.

Basi tukakaa chini na kuhesabu. Samaki wake walikuwa wa Tanganyika na alitaka wale wale. Lile ziwa, lenye kina cha karibu mita 1470, la pili duniani nyuma ya Baikal, liko na maji mazito ya chumvi-chumvi za udongo, pH inakaribia 9. Samaki wake wanataka chini yenye chokaa. Chini ya ziwa si sawa fasi zote: kuko majiwe makubwa, kuko mchanga mwepesi, kuko viwanja vizima vya maganda matupu ya konokono mkubwa aitwaye Neothauma. Kuna samaki wadogo, kama Neolamprologus brevis, wanaokaa ndani ya yale maganda, mume na mke na ganda lao, wanazaa humo. Kuna Xenotilapia, anajaza mchanga kinywani, anachuja chakula, anautoa ku mapezi ya kupumulia. Kwa huyu, changarawe ni mateso. Mchanga wa punje za nusu milimetre mpaka moja njo unaomfaa.

Njia moja ilikuwa mchanga wa kwarsi wa filtre za pisini, ule unaouzwa mu mifuko kule Lubumbashi. Ni safi, umeviringika, hauna shaba, lakini hauna chokaa pia. Njia ingine ni chokaa yenyewe, kama ile calcaire ya Kakontwe upande wa Likasi, iliyopondwa na kuchujwa. Inamulinda samaki dhidi ya ule ukali wa maji, ila vipande vyake ni vikali kidogo, na hata Kakontwe si malaika: mgodi wa Kipushi uko mu calcaire ya namna ileile, kwa hiyo msumari na ndoo havikwepeki. Changarawe kubwa za rangi, za buluu na pinki, jirani alizipenda sana. Nilimuambia ukweli: uchafu wa chakula unaanguka katikati ya punje, unaoza pale, na samaki wa Tanganyika juu ya rangi ya pinki anaonekana amepotea njia. Anaweza kubisha, nyumba ni yake.

Mwisho alichagua kuchanganya. Mchanga wa pisini kila mahali, na nyuma, chini ya majiwe, mfuko wa wavu wenye calcaire iliyopimwa. Ukiharibika anautoa bila kusumbua chochote. Kwa maganda, bibi yake alikusanya ya konokono wa nchi kavu, madogo, akayachemsha.

Hesabu ya mchanga ni rahisi na watu wanaikosea kila siku. Mita moja na nusu mara sentimita 60, kwa kimo cha sentimita 5, inatoa litre 45. Mchanga ni karibu kilo moja na nusu kwa litre, kwa hiyo kilo 70 hivi. Ongeza kilo 500 za maji, majiwe, vioo vyenyewe. Ile meza ya vyuma inabeba uzito wa watu wanane au tisa wenye afya, juu ya sima ambayo maçon hakuitengeneza kwa kazi hiyo. Tazama kwanza chini ya carrelage kama hakuna fasi tupu. Kupita sentimita 5 si lazima. Mchanga mzito sana unakosa hewa chini, unageuka mweusi, na siku ukiuchimba unatoa harufu ya mayai yaliyooza. Ile gazi inaua pia.

Majiwe yanaingia kwanza, mchanga nyuma. Watu wanafanya kinyume kwa sababu inaonekana vizuri. Samaki wa Tanganyika ni wachimbaji kama sisi: wanachimba chini ya jiwe mpaka linaanguka, na kioo cha chini kinapasuka saa nane ya usiku. Jirani aliweka frigolite nyembamba juu ya kioo, majiwe juu yake, kisha mchanga kuyazunguka. Majiwe aliyaokota mbali na karière, kwarsi nyeupe za barabara ya zamani, yakapita kwa msumari na kwa ndoo, siku kumi.

Kuosha kulimaliza Jumamosi nzima. Basani, mkono, maji, mwaga, tena. Mifuko mitatu ilihitaji maji kumi na mbili mpaka yakawa meupe. Ya mwisho yalimwagwa ku maua.

Jambo moja wasomaji wengi hawalifikirii ni courant. SNEL ikikata, pompi inasimama, na ndani ya filtre iliyofungwa bakteria wanakosa hewa kwa saa chache tu, wanaanza kufa. Wale wanaokaa juu ya mchanga, pale maji yanagusa hewa, wanavumilia zaidi. Hii ni sababu nzuri ya kutaka chini yenye upana, mchanga mwembamba uliotandazwa, kuliko kioo kitupu kinachoonekana safi. Bakteria hao wanahitaji wiki nne mpaka sita kujenga makao yao kabla ya samaki wa kwanza. Jirani alisaga viganja viwili vya chakula cha samaki, akatia kidogo kidogo ndani ya maji matupu, juu ya kuwalisha wao. Majirani wakasema amerukwa na akili, analisha mchanga.

Leo ni wiki ya tano. Maji yamesimama, mchanga umelala, konokono wanne wa akwariomu ya rafiki wanatembea juu ya kioo. Malakiti sita zimerudi juu ya televizio. Mu kona moja ya akwariomu, msumari umefungwa kwa uzi. Nilimuambia mu maji ya chokaa hauwezi kuonyesha kitu, anapoteza bure msumari wake.

— Najua, vieux. Ni mutoto njo aliutia. Anasema samaki wakikuja, wakute mlinzi.